Gadi Tobias Haogopi Kitu

Mume wangu haogopi kitu. Hayo si maneno yangu, ni yake mwenyewe, na ameyasema tangu siku aliponioa pale misheni mpaka nikayazoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Simba haogopi, askari haogopi, paroko haogopi. Ni mimi tu anayeniogopa kidogo, na hilo hajawahi kulisema.

Tobias alikuwa gadi wa treni. Aliyepanda treni ya Kigoma au ya Mwanza enzi za Mwingereza atamkumbuka: mrefu, mwembamba, koti limepigwa pasi mpaka viwiko vinang'aa, kofia kichwani, filimbi shingoni, bendera ya kijani kwapani. Dereva anaweza kuwa Singasinga mwenye ndevu hadi kitovuni, abiria anaweza kuwa Bwana Shauri na mkewe na mbwa wao, lakini treni haiendi mpaka Tobias apulize. Sasa mwanamume aliyezoea kungojwa na treni, siku akistaafu akarudi kukaa nyumbani, mkewe kazi anayo. Chakula kikichelewa anatoa saa mfukoni, anaitazama, kisha ananitazama mimi. Nikienda sokoni ananiuliza nitarudi na ya saa ngapi. Siku moja nilimkuta anawapulizia kuku filimbi waingie bandani, na kuku, wajinga wale, wakaingia.

Mtoto wetu ni mmoja, Imakulata. Walikuwa watatu, wawili Mungu aliwachukua wangali wadogo, akatuachia huyu. Akakua, akasoma kwa masista, akaolewa na Feliksi, seremala wa Shelisheli aliyeletwa na mapadri kutengeneza mabenchi ya kanisa. Alitengeneza mabenchi mazuri, siwezi kusema uongo, na alipomaliza akaondoka na binti yangu. Shelisheli ni kisiwa, kiko huko katikati ya bahari, na ukiuliza ni mbali kiasi gani watu wanakuonyesha kwa kidevu tu.

Basi mwaka wa hamsini na nne akaja fundi mwingine wa huko kufanya kazi relini, akatuletea salamu. Imakulata ni mjamzito. Mama mkwe wake alishafariki zamani, na kwao, akasema yule fundi, mwanamke akijifungua anapewa supu na kitanda, basi. Hakuna wa kumkanda. Nilikaa chini. Kwetu mwanamke akijifungua mama yake anamkanda: maji ya moto, kitambaa, tumbo, kiuno, mgongo, asubuhi na jioni, mpaka mwili urudi ulivyokuwa. Mimi nilikandwa na mama yangu, na mama yangu na wa kwake. Halafu mwanangu huyu mmoja niliyebakishiwa apewe supu? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nikasema nakwenda, nikaenda posta nikampelekea simu ya upepo ajue.

Meli inayopita Shelisheli ilikuwa ile iendayo Bombay, nayo haiji kila mara kama treni. Tukiikosa iliyokuwa inakuja, inayofuata ingetufikisha huko mtoto ameshaanza kukaa, na mama yake kama ni wa kupona amepona, kama si wa kupona, haya. Nikamweleza Tobias hivyo hivyo. Akanyoosha koti lake.

"Tutakwenda wote," akasema. "Maji ni kitu gani? Mimi siogopi kitu."

Ningekuwa na akili ningeshtuka hapo hapo. Maana wenzake wa kazini walikuwa wakinisimulia kwamba mume wangu kila akifika Kigoma ananunua dagaa pale ufukweni huku amelipa ziwa mgongo. Anawanyooshea wachuuzi mkono kwa nyuma. Nilidhani ni maringo ya ugadi.

Hapo ndipo alipojiingiza Shaban. Shaban ni fundi cherehani, baraza yake iko Gongoni, hapa hapa Tabora, na ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wetu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo vichwani wakipita katika vijiji vyao. Mtani anakutukana, unacheka. Mtani anakamata kitu chako, hukasiriki, unakikomboa kwa kumpa kingine. Ndiyo mila. Shaban alishakamata jogoo wangu, kigoda changu, na sufuria yangu yenye maharage yaliyoiva, akarudisha sufuria tupu na kudai komboleo kwa kuwa ameiosha. Ananiita mke wangu mbele ya mume wangu na mbele ya paroko. Paroko mwenyewe alishazoea.

Aliposikia tunasafiri baharini, akafunga cherehani yake akaja kutufundisha. Shaban ni mtu wa Kisarawe, na Kisarawe kuna minazi, hakuna bahari, lakini kwa watu wa Tabora yeyote ajuaye kukuna nazi ni baharia.

"Nyinyi wapagazi," akasema akiwa ameketi kwenye kiti changu, anakula karanga zangu, "mmezoea ardhi. Ardhi imetulia. Meli inacheza. Mtu asiyejifunza kulala kwenye kitu kinachocheza atatapika hadi jina lake."

Basi Tobias akalala kitandani mchana kweupe, kofia kifuani, nami nikashika mguu wa kitanda nikaanza kutikisa. Shaban akawa anaamuru: bahari shwari, nitikise polepole, bahari imechafuka, nitikise kwa nguvu. Mume wangu amefumba macho anasema hajisikii kitu. Mimi ndiye niliyesikia mgongo. Kitanda kikavunjika mguu, Tobias akabiringika mpaka chini ya meza, na Shaban akasema hiyo sasa ndiyo bahari yenyewe.

Kesho yake akatunywesha maji ya chumvi ili matumbo yazoee. Keshokutwa akatufunga kamba kiunoni, mimi na mume wangu, tutembee hivyo sokoni, ili mmoja akianguka majini mwenzake amvute. Tulitembea. Naona haya kusema lakini tulitembea, tukipita maduka ya Waarabu, na Bibi Fakhria, mke wa Thabit mwenye duka la vitambaa, akatoka mlangoni akatutazama.

"Mama Imakulata," akaniuliza kwa upole, "amejaribu kutoroka?"

"Bado," nikamjibu.

Nilikuwa nacheka, lakini moyoni nilikuwa na hesabu yangu ya mimba ya mwanangu. Kila jioni nilikunja vitambaa, nikakunjua, nikakunja tena. Nilikuwa nataka tufike tu. Ningetembea na kamba shingoni kama ingebidi.

Siku hiyo hiyo ya kamba Tobias akamuuliza Shaban swali. Alijifanya kama haliulizi sana.

"Kutoka Dar es Salaam mpaka Shelisheli, stesheni ya kwanza ni ipi?"

"Hakuna stesheni."

"Hakuna kabisa?"

"Mtani, hakuna Igalula, hakuna Malongwe, hakuna pa kuteremka kununua ndizi. Ukishapanda umepanda. Maji mbele, maji nyuma."

"Na gadi anakaa behewa gani?"

"Hakuna gadi."

"Sasa nani anapuliza?"

"Inajipulizia yenyewe," akasema Shaban, akatafuna karanga.

Chakula cha jioni siku hiyo kilichelewa na Tobias hakutoa saa.

Kumbe alikuwa anafikiri, na mume wangu akifikiri ujue kuna gharama. Akamtumia salamu binamu yake Lugembe, mrina asali wa Ipole, amletee mizinga miwili ya magome ya mti, ile mirefu inayotundikwa porini. Lugembe akafika na mizinga juu ya baiskeli, amefurahi, anadhani binamu yake anataka kufuga nyuki uzeeni. Tobias akamweleza. Mzinga ni wa gome, gome linaelea. Meli ikizama, kila mtu anakaa juu ya mzinga wake kama anavyokaa juu ya baiskeli, anapiga maji kwa miguu, anafika. Wazungu wana maboya yao, Wanyamwezi tuna mizinga.

Lugembe akakuna kichwa. "Mzinga unaelea, ndiyo," akasema. "Sijawahi kuona unafika mahali."

"Utajaribiwa," akasema Tobias.

Tukaenda kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe nje ya mji, mimi, Tobias, Lugembe na mzinga mmoja, na Shaban ambaye hakualikwa. Wachungaji walikuwepo na ng'ombe wao. Mume wangu akavua suruali akabaki na kaptula, lakini koti la ugadi hakuvua na kofia hakuvua. Akausukuma mzinga majini, akaupanda. Mguu ulikuwa unamtetemeka, nikasema ni baridi. Mzinga ukaelea. Ng'ombe wakaacha kunywa wakamtazama.

"Mmeona?" akatuambia kutoka huko. "Nani alikuwa anacheka?"

Sasa Lugembe aliufukiza moshi ule mzinga kabla ya kuuleta, na aliapa kwamba hamna kitu ndani. Kulikuwa na kitu ndani. Maji yalipoanza kupenya kwenye gome, nyuki waliobaki wakaona hapakaliki, wakaanza kutoka kwenye tundu moja walilokuwa nalo, na tundu hilo lilikuwa katikati ya mapaja ya mume wangu.

Sitaeleza yote. Nitaeleza moja tu, kwa kuwa ndilo lililonikaa moyoni. Mtu yeyote mwenye nyuki usoni na maji chini yake anazama. Maji hayo hapo, unatia kichwa, nyuki wanakuacha. Lugembe alimpigia kelele azame, wachungaji wakampigia kelele azame, hata Shaban aliacha kucheka akamwambia azame. Na maji yenyewe yalikuwa ya kiunoni. Tobias aliukumbatia ule mzinga, akakaa juu yake wima, akakubali kuumwa na ukoo mzima wa nyuki wa Ipole kuliko kutia kichwa chake majini. Mimi ndiye niliyeingia na kanga zangu, nikamshika ukosi, nikamburuta mpaka kwenye tope.

Alivimba. Macho yalipotea, midomo ikawa mitatu. Nilimpaka majivu ya maji nikamuuliza taratibu, kwa sababu nilimhurumia, "Baba Imakulata, unaogopa maji?"

"Mimi?" akasema kwa midomo ile. "Nilikuwa nataka kuona watachoka lini."

Basi, nikamwacha. Mwanamume akishasema hivyo utamfanya nini.

Baada ya hapo akabadilika. Akawa mpole. Akaacha kupuliza, akaacha kuniuliza nitarudi na ya saa ngapi, akawa anasema ahsante, jambo lililonitia wasiwasi. Akawa anashinda barazani kwa Shaban, anasema koti linarekebishwa. Na akaanza kulipenda sanduku letu la bati. Ndani yake niliweka kila kitu cha safari: nguo zetu, nguo za mtoto, vitambaa vya kumkandia Imakulata, michembe, yale matoborwa ya viazi vikavu, ya kula njiani, karanga, chupa za asali ya Lugembe zilizofungwa nta.

"Sanduku hili ndilo safari," akawa ananiambia kila linapofungwa. "Likipatwa na jambo lolote, mama, safari haipo. Tutafika kwa mtoto mikono mitupu? Aibu." Nikaona mume wangu amekuwa mwangalifu. Nilimsifu hata kwa paroko.

Siku ya kuondoka stesheni ilijaa. Majirani walikuja, wanakwaya walikuja, Lugembe alikuja na mzinga mwingine kama tungebadili mawazo. Treni ya Dar es Salaam ikaingia. Gadi alikuwa Raymundi, kijana aliyefundishwa kazi na Tobias mwenyewe, akatuamkia shikamoo mara mbili kwa woga. Tulikuwa na daraja la tatu, behewa la mbele, na sanduku lilikuwa chini pale, linangoja kupandishwa.

Shaban akatokea kwenye umati, amevaa kanzu safi. Akatembea polepole mpaka kwenye sanduku, akalikalia.

"Nimekamata," akasema.

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamwambia, "Haya, mtani, komboleo lako hili," nikampa kanga mpya niliyojitanda. Akakataa. Nikamwahidi jogoo, akasema ameshamla jogoo wangu. Nikamwahidi kiti anachokipenda. Akatikisa kichwa. Kengele ya kwanza ikalia.

Ndipo Tobias akasema, upesi upesi, kama mtoto anayesoma katekisimu aliyoikariri, "Basi, mke wangu, mila ni mila. Mtani hakasirikiwi. Bila sanduku hakuna safari. Itabidi tungoje meli nyingine."

Nikamtazama. Ule uvimbe ulikuwa umekwisha, uso wake uko wazi, na niliuona vizuri. Ulikuwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Nilikasirika mpaka miguu ikawa ya baridi. Sikupiga kelele. Nikamwona Imakulata amelala huko peke yake na supu yake, nikaona kama nikisema neno moja nitalia mbele ya kwaya.

Nikageuka nikapanda behewani. Nikakaa dirishani.

"Mama Imakulata," akasema Tobias kutoka chini, "sanduku."

"Kaa nalo."

"Utakwenda na nini?"

"Nakwenda kumkanda mwanangu. Sikandi kwa sanduku."

Hapo Shaban akainuka. Akajipangusa kanzu, akamkaribia mume wangu, akatia mkono kwenye mfuko wa koti lake akachomoa tiketi. Kisha akamvua kofia akaivaa yeye. Ilimwingia mpaka masikioni.

"Nimekamata na hivi," akasema. Akapanda behewani akaja kukaa karibu nami. "Sogea, mke wangu. Shelisheli ni mbali."

Stesheni nzima ikaangua kicheko. Wanakwaya wakashikana. Mimi nilikuwa nimekasirika mno, lakini kofia ile ilikuwa ndogo kuliko kichwa cha Tobias na kubwa kuliko cha Shaban, sijui iliwezekanaje, na nikacheka pia.

Tobias hakucheka. "Shaban, shuka," akasema. "Shuka sasa hivi. Hatukukubaliana hivyo."

Nikatoa kichwa dirishani. "Mlikubaliana vipi?"

Mume wangu akatazama reli. Shaban ndiye aliyejibu, na alisema kwa sauti, kwa kuwa mtani hana siri. "Aliniomba nikalie sanduku mpaka treni iondoke, ili nyinyi msisafiri, na lawama zibaki kwangu. Nimelikalia. Lakini mtani hatumwi kama mtoto wa dukani, mke wangu. Nikishaanza kukamata nakamata ninachotaka."

Nilitamani kuteremka nimpige Tobias kwa ule mzinga wa Lugembe. Nilitamani pia asiwe peke yake pale chini, kichwa wazi, watu wote wanamtazama. Mambo mawili hayo yalinishika pamoja.

"Nakomboa," akasema Tobias. "Baiskeli yangu."

"Sitaki."

"Mbuzi."

"Mbuzi wako ana kikohozi. Nataka neno. Useme hapa unaogopa nini. Na useme kwa sauti ya gadi, wasikie mpaka behewa la mwisho. Maji ukiyavulia nguo, mtani, sharti uyaoge."

Kengele ya mwisho ilishalia. Raymundi alikuwa amesimama na filimbi mdomoni na bendera imekunjwa, anamtazama mwalimu wake, na hakuthubutu kupuliza. Abiria wakawa wanachungulia madirishani kuuliza kuna nini. Tobias akanyoosha koti lake. Nilidhani atasema tena kwamba haogopi kitu. Kama angesema hivyo ningekwenda peke yangu, na sijui kama ningerudi.

"Naogopa maji," akasema.

"Sisikii."

"Naogopa maji," akasema kwa sauti ya gadi, mpaka mbuzi wa upande wa pili wa reli wakainua vichwa. Kisha akaendelea, wala hakuna aliyemuuliza. "Baba yangu aliondoka hapa Tabora na msafara, amebeba pembe, mimi nikiwa nachunga ndama. Wenzake walirudi. Wakamwambia mama kwamba alipoiona bahari alifurahi. Alitua mzigo, akaingia kuoga. Ni hivyo tu. Alifurahi, akaingia kuoga."

Miaka yote ile niliambiwa baba mkwe alifia safarini, nikadhani ni homa. Sikuwahi kuuliza. Shaban alivua ile kofia. Akateremka, akamrudishia tiketi, akamvalisha kofia kwa mikono yake mwenyewe na kuinyoosha.

"Pole, mtani," akasema, na hakuongeza tusi. Sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi bila tusi.

Tobias alisimama tu. Nikamwambia kutoka dirishani, si kwa hasira tena, "Na mimi naogopa. Naogopa nikichelewa nitaonyeshwa kaburi. Nimezika wawili, Tobias. Huyu siwezi."

Akashika chuma cha mlango. Raymundi akapuliza kwa haraka kabla mtu hajabadili nia, na treni ikaondoka na mume wangu ngazini, nami nimekimbilia mlangoni nimemshika mkono wa koti. Tulipofika Igalula ndipo tukakumbuka sanduku. Tulikuwa tumeliacha pale chini, na nina hakika Shaban alikwisha kulikalia tena. Tobias akasimama akataka treni irudi nyuma. Nikamwambia akae.

Melini alipanda amefumba macho, nikimvuta kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Sasa sikia maajabu. Mimi niliyetikisa kitanda, niliyekunywa maji ya chumvi bila kukunja uso, meli ilipotoka tu bandarini nilianguka. Nilitapika usiku na mchana. Niliomba nife, na nikamwomba Mungu asinisikilize kwa sababu ya Imakulata. Na Tobias? Hakutapika hata mara moja. Alikaa sakafuni kando yangu na ndoo, amelipa dirisha mgongo, anatetemeka waziwazi na kula chakula chake na changu. Kila baharia aliyepita aliliona koti lake akamuuliza kama yeye ndiye gadi. Kila kilipopita kishindo cha wimbi alinishika kifundo cha mkono na kusema, "Naogopa," bila aibu yoyote, kama mtu anayesema leo kuna joto. Alisema mara nyingi mno mpaka nikamwambia apunguze.

Tulipofika, meli haikusogea gatini, tuliteremshwa kwa mashua. Feliksi alikuwa pale peke yake. Nikamuuliza yuko wapi mwanangu. Akasema kwa Kiswahili chake kilichoharibika kwamba mtoto amezaliwa jana, msichana, mzima, lakini Imakulata hajainuka na hataki kula. Sikungoja salamu. Nilitembea mbele yao wote wawili bila kujua njia.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha mbao nzuri, Feliksi ni seremala jamani, uso umekuwa wa kijivu, mtoto kando yake kama andazi lililofungwa kitambaa. Aliponiona alianza kulia bila sauti.

"Nilijua hamtakuja, mama," akasema. "Nilimwambia Feliksi asiende bandarini. Baba anaogopa maji."

Nikashangaa. "Wewe nani alikuambia?"

"Alinipeleka Kigoma nikiwa mdogo. Tulipofika karibu na ziwa alinibana mkono mpaka nikalia. Nikajua. Sikusema, nilidhani hataki tujue."

Nikageuka. Tobias alikuwa mlangoni. Tulipotoka kwenye mashua pale gatini alikosea ngazi akatia miguu baharini, suruali imelowa mpaka magotini, viatu vinatoa maji kila anapokanyaga. Nilimngoja aseme neno lake la siku zote.

"Ndiyo, mama," akamwambia binti yake. "Naogopa sana. Wanateka wapi maji hapa?"

Feliksi akamwonyesha. Akachukua ndoo akatoka, nami nikapiga magoti nikawasha moto.